Paa na Masale: Historia ya Kuwapatia Makazi Wasio na Makazi, Kutoka Kihamba hadi Njoro

Vitabu vya kumbukumbu ya miaka mia moja huandika kwanza habari za majengo makubwa: siku jiwe la msingi lilipowekwa, mwaka kengele ilipopandishwa mnarani, majina ya wachungaji na wainjilisti waliotumika. Ni haki ifanyike hivyo. Lakini ndani ya vitabu vya mapato na matumizi vya sharika za Kilimanjaro yapo majengo mengine yasiyo na jiwe la msingi wala siku ya kuzinduliwa. Hayo huandikwa kwa mstari mmoja tu: mabati, misumari, saruji, kodi ya chumba, ujira wa fundi. Mistari hiyo ikiunganishwa hutupatia historia ya namna Wakristo wa mlimani na wa mjini walivyojaribu kumpatia mwenzao mahali pa kulaza ubavu.

Makala haya yanaieleza historia hiyo kwa ufupi. Tena yanaeleza fundisho moja lililopatikana kwa gharama kubwa, nalo ni hili: tumekuwa hodari wa kuezeka paa, lakini wazito wa kuuliza paa hilo limesimama juu ya ardhi ya nani.

Kihamba na mpaka wake

Kabla fedha haijaingia mlimani, mtu alihesabiwa kuwa na makazi kwa sababu alikuwa na kihamba. Hapo palikuwa na migomba yake, mifugo yake, njia ya maji ya mfongo, na makaburi ya wazee wake. Mpaka wa kihamba ulioneshwa kwa masale, mmea ule ule ambao jani lake hupelekwa kwa aliyekosewa ili kuomba msamaha. Kwa hiyo masale yalikuwa hati isiyohitaji mwandishi. Kila jirani aliyapita na kuyaona, na aliyeyasogeza alijua kwamba atajibu mbele ya wazee.

Nyumba yenyewe haikuwa jambo la mtu mmoja. Miti, kamba na nyasi vilikusanywa na ndugu pamoja na majirani, na siku ya kujenga watu waliitana. Desturi hiyo ya kazi ya pamoja ndiyo tunayoiita msaragambo hadi leo. Ndivyo pia mifongo ilivyotunzwa: waliotumia maji walitakiwa kutokea siku ya kuzibua, na asiyetokea alitozwa faini. Msaada kwa jirani ulikuwa wajibu wenye utaratibu, wala haukusubiri moyo wa mtu upende.

Hata hivyo tusiisifu mila kupita kiasi. Kwa desturi ya Wachagga, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio waliopewa upendeleo katika urithi wa ardhi, na yule wa mwisho alibaki katika nyumba ya wazazi. Wa katikati walitazamia kupata ardhi mpya. Maadamu ardhi tupu ilikuwapo, Mangi aliweza kuwagawia. Kwa upande wa wanawake hali ilikuwa ngumu zaidi. Mwanamke alikaa kihambani kwa jina la mumewe, na baada yake kwa jina la mwanawe. Mjane asiye na mtoto wa kiume, au mwanamke aliyeachwa na mumewe, alitegemea huruma ya ndugu. Na huruma haina masale.

Injili inapofika kwenye ujirani

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Miongoni mwa waliowafuata alikuwa Bruno Gutmann, aliyekuja mwaka 1902 na kutumika hadi mwaka 1938, kwa sehemu kubwa Moshi ya Kale. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga. Gutmann aliamini kwamba kanisa lisibomoe vifungo vitatu alivyovikuta: ukoo, ujirani na rika. Vijana wa kipaimara aliwapanga katika vikundi vya wenzi waliotakiwa kusaidiana, na shughuli za usharika alizipitisha kwa wazee wa ujirani.

Wako waliomlaumu Gutmann kwa kuipenda mno mila ya zamani, na lawama hiyo ina uzito, maana ujirani ule ule uliomjengea maskini nyumba ndio uliomnyima mjane ardhi. Lakini urithi mmoja aliouimarisha umebaki: maskini wa usharika atambuliwe na wale wanaoishi karibu naye, wanaojua kama moshi umetoka jikoni kwake leo au la.

Urithi huo ulipimwa mapema. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, ndipo baadaye wakaja Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, na Wajerumani wenyewe wakaanza kurejea katikati ya miaka ya 1920. Katika kipindi hicho cha upungufu hapakuwa na ghala la kutoka Ulaya la kumsaidia maskini. Kilichokuwapo ni ndizi, mahindi, mikono ya watu, na wazee waliojua nani hana nini. Mfuko wa kuwasaidia wahitaji, kama tunavyoufahamu leo, ulikuwa na mizizi yake hapo, hata kabla haujawa na daftari wala mhuri.

Kahawa, mji na wana wa katikati

Kahawa ilibadili thamani ya ardhi. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ilisomesha watoto na kuleta nyumba za mabati mahali pa zile za nyasi. Lakini pia ilikifanya kihamba kuwa mali ya kugombewa. Ardhi tupu ikaisha. Cheo cha Mangi kikaondolewa baada ya Uhuru, na pamoja nacho mtu wa kumwendea kuomba kipande. Mwaka 1967 Mkoa wa Kilimanjaro ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 650,000; katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 1,860,000. Mlima haukuongezeka hata hatua moja.

Wana wa katikati waliteremka. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi kufikia mwaka 1912, na mji ukakua kandokando yake. Majengo, Pasua, Kaloleni, Bondeni na Njoro ni majina ya mitaa ambamo mtu aliyekosa kihamba alitafuta chumba. Walikuja na wengine pia: watu wa Upareni, wa Usambara, na wa mikoa ya mbali waliofuata kazi. Wajane walikuja, pamoja na wasichana waliokimbia ndoa zenye mapigo.

Mjini makazi yana sura nyingine. Mlimani mtu hupimwa kwa ukoo wake. Mjini hupimwa kwa kodi. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja. Anayelipwa kwa siku anaweza kuwa na chakula cha leo na hata cha kesho, lakini hana kodi ya miezi sita. Akiugua wiki tatu, anakuwa mtu wa kuhama. Ndiyo maana katika mitaa ya namna ya Njoro mhitaji wa makazi haonekani njiani: amejibanza chumba kimoja na dada yake, au analala sebuleni kwa msharika mwenzake, na watoto wake wamegawanywa kwa jamaa.

Serikali nayo ilijaribu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na Benki ya Nyumba Tanzania ikaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995. Hata ilipokuwa hai, aliyekopeshwa alitakiwa kuweka dhamana, na dhamana ilikuwa ardhi au nyumba. Asiye na nyumba aliombwa kwanza aoneshe nyumba. Kwa mtu wa chini kabisa mlango uliobaki ulikuwa ndugu zake na usharika wake.

Mfuko unapopata jina

Ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa nchini mwaka 1983, na Kilimanjaro haikusalimika. Mwaka 1990 wanawake mjini Moshi waliunda kikundi cha KIWAKKUKI ili kupambana na ugonjwa huo na kuwatunza walioachwa. Katika miaka hiyo yatima na wajane waliongezeka kuliko uwezo wa koo zao. Nyumba zilianguka kwa kukosa mtu wa kuziba paa. Mara nyingine mjane alifukuzwa kabla matanga hayajaisha, akiambiwa kwamba yeye ndiye aliyeleta kifo.

Hapo ndipo kazi ya diakonia ilipozidi kuhitaji fedha zinazotambulika, zenye daftari na kamati. Utaratibu wake hauna fahari yoyote, nasi sote tunaujua. Jumuiya ya mtaa hugundua shida. Mzee wa kanisa huenda kuona kwa macho yake. Jina hupelekwa barazani. Fedha hutoka katika sadaka maalumu, katika ahadi za washarika, na katika mnada wa baada ya ibada, pale mkungu wa ndizi au trei la mayai linaponunuliwa, likarudishwa, likanunuliwa tena, hadi bei yake inapata bati kadhaa. Washarika walioko Dar es Salaam, Arusha na nchi za nje hutuma mchango wao. Kisha huitwa msaragambo: vijana hubeba mchanga na tofali, akina mama hupika, fundi hulipwa nusu na nusu nyingine huitoa kuwa sadaka.

Kwa njia hiyo vyumba viwili vyenye sakafu ya saruji husimama katika muda wa majuma machache. Mchungaji huomba, wimbo huimbwa, na mjane hupewa ufunguo. Wengi wetu tumesimama kwenye ua wa namna hiyo na kufuta machozi ya furaha.

Paa la mtu mwingine

Na wengi wetu tunajua pia yanayoweza kufuata. Tuchukue mfano. Mama ana watoto watatu wa kike. Usharika umemjengea kwenye kihamba cha marehemu mumewe. Hakuna aliyeuliza maswali, kwa sababu shemeji zake walikuwapo siku ya maombi na waliimba pamoja nasi. Miaka michache inapita. Mtoto wa shemeji anataka kuoa. Kikao cha ukoo kinakaa, naye mama anaambiwa kwa upole kwamba kihamba ni cha ukoo, na kwamba ile nyumba nzuri itamfaa kijana. Anaondoka na sufuria zake na kuteremka Njoro kutafuta chumba. Tumemjengea shemeji.

Hapo hakuna mwizi aliyevunja mlango. Kilichotendeka ni kwamba mfuko ulitoa mabati, ukawaachia wengine suala la ardhi. Tulisema mambo ya ukoo ni ya ukoo. Neno hilo lilionekana kuwa la hekima na amani, lakini gharama ya amani hiyo alilipa mtu mmoja tu.

Sheria za nchi zimepita njia ndefu katika jambo hili, na ni vyema msharika azifahamu. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilizuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwingine. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika shauri la mwanamke wa Kagera kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi aliyorithi kama mwanamume. Kisha zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizotamka haki sawa ya mwanamke kumiliki ardhi.

Hata hivyo sheria ya mila ya urithi iliendelea kutumika. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi kuhusu wajane wawili wa Tanzania waliotolewa katika nyumba zao baada ya waume zao kufariki, ikasema haki zao zilikiukwa. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mfano wetu hapo juu ni wa kubuni tu. Mambo kama hayo yamesikilizwa hata mbele ya mataifa.

Mifano miwili ya kujifunzia

Mfano wa kwanza uko hapa hapa Moshi. Shirika la KWIECO lilianzishwa mwaka 1987 ili kuwapa wanawake wa Kilimanjaro taarifa na msaada wa kisheria. Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa maneno na karatasi: kumweleza mama haki yake, kumwandikia madai, kumsindikiza mahakamani. Nyumba ya hifadhi ya wanawake na watoto, iliyochorwa na wasanifu wanawake kutoka Finland, ilikamilika mwaka 2015. Mpangilio huo unafundisha. Ilitangulia elimu ya haki, jengo likafuata. Na aliyehifadhiwa huko hakuishia kupewa kitanda tu, alielekezwa pia namna ya kudai alichoachiwa.

Mfano wa pili unatoka Dar es Salaam. Wakazi wa Kurasini walipoondolewa ili kupisha upanuzi wa bandari, wapangaji wengi hawakuwa na fidia ya nyumba, kwa kuwa nyumba hazikuwa zao. Vikundi vya kuweka akiba vya wakazi maskini, vikisaidiwa na shirika la CCI lililoanzishwa mwaka 2004, viliunganisha akiba ndogondogo na kununua ekari 30 huko Chamazi, pembezoni mwa jiji. Walianzisha chama cha ushirika wa nyumba, wakafyatua tofali wenyewe, na kukopa kutoka katika mfuko wao wa Jenga. Kazi hiyo haikuwa nyepesi: Chamazi ni mbali na mahali pa vibarua, na kurejesha mkopo kwa kipato cha kubangaiza ni mzigo. Lakini tazama walichokinunua kwanza. Kabla ya tofali la kwanza, walinunua mahali pa kuliweka.

Wazee kumi langoni

Kanisa lisione haya kujifunza kwa mashirika hayo, kwa sababu fundisho lenyewe limo katika Maandiko tunayoyasoma. Kitabu cha Ruthu kinasimulia juu ya mjane mzee na mkwewe waliorudi bila kitu. Boazi aliwapa nafaka. Hiyo ilikuwa sadaka. Lakini hakuishia hapo. Alikwenda langoni, akaketisha wazee kumi, akaliweka wazi suala la shamba la marehemu, na jambo likakatwa mbele ya mashahidi. Bila asubuhi ile ya langoni, nafaka ingeliwa na kwisha.

Hata huduma ya mashemasi katika Matendo ya Mitume ilianza kwa manung'uniko ya wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wanyamaze kwa ajili ya amani. Waliweka watu saba na utaratibu.

Basi mfuko wa usharika unaotaka kumjengea mhitaji katika karne ya pili una kazi kabla ya msaragambo. Wazee wa kanisa waketi na ukoo kihambani, masale yakiwa machoni pa wote, na mipaka ya eneo la mama ioneshwe na kuandikwa. Muhtasari wa kikao cha ukoo usainiwe na mashahidi, wakiwamo mabinti zake. Kama mume amefariki, mirathi ipelekwe Mahakama ya Mwanzo na msimamizi ateuliwe. Kijijini, ombi la hatimiliki ya kimila lipelekwe kwa jina la anayeishi humo. Pale ukoo unapokataa, ni afadhali fedha ya mabati inunue kipande kidogo mahali pengine kuliko kusimamisha nyumba nzuri juu ya neno la mdomo.

Kwa walioko mjini, mfuko usione kodi ya chumba kuwa matumizi ya hasara. Miezi sita ya kodi, ikitolewa kama mkopo usio na riba na kurejeshwa kidogokidogo, yaweza kuwa tofauti kati ya familia iliyo pamoja na watoto waliogawanywa. Nao wanaume wanaoketi katika mabaraza yetu waandike wosia wangali na afya. Mchango mkubwa kuliko wote ambao baba anaweza kuutoa kwa mfuko wa makazi ni kuhakikisha kwamba mke wake na binti zake hawatauhitaji.

Sheria ya Musa iliamuru kwamba kila mwaka wa hamsini uwe wa yubile, na kila mtu arudi katika milki yake. Usharika unaotimiza miaka mia moja umepitiwa na yubile mbili. Katika sherehe hizi tutahesabu waliobatizwa, waliobarikiwa kipaimara na waliofunga ndoa. Kila mtaa uhesabu pia waliojengewa, na kamati iwatembelee mmoja mmoja ili kuona ni nani aliye ndani ya nyumba ile leo. Pale tutakapomkuta mama mwenyewe mlangoni, tumshukuru Mungu pamoja naye. Pale tutakapomkuta mtu mwingine, tuulize mama amekwenda wapi, kisha tumfuate huko.